Uchoraji dhahania ni nini, na mwanafunzi anaufikiaje?

Uchoraji dhahania ni uchoraji usiojifunga kuonyesha vitu kama macho yanavyoviona. Kinachobeba picha ni mistari, maumbo, rangi na nafasi zilizoachwa wazi. Mtazamaji hapewi uso wa mtu wala nyumba ya kutambua. Anatazama jinsi wekundu unavyouzidi nguvu ubuluu, au jinsi mstari mmoja unavyoielemeza picha nzima upande wa kulia.

Kuna njia mbili za kufika huko. Moja haianzi na kitu chochote: mwaka 1915 Kazimir Malevich alionyesha nchini Urusi mraba mweusi juu ya weupe, basi. Nyingine huanza na kitu halisi, kisha mchoraji anakipunguza hatua kwa hatua. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa maonyesho ya shule, ningemshauri hii ya pili, kwa sababu ina mahali pa kuanzia na kila hatua inaonekana.

Mfano bora ni Piet Mondrian, Mholanzi. Mti wake mwekundu, alioumaliza mwaka 1910, bado una shina, matawi na ardhi chini yake. Katika mti wa kijivu wa 1911, matawi yamekuwa mikunjo inayosambaa karibu picha nzima. Ukifika kwenye mti wa tufaha unaochanua, wa 1912, unakuta pinde zinazopishana, na bila jina la picha si rahisi kujua kwamba ni mti. Baadaye akabaki na mistari iliyonyooka pamoja na nyekundu, buluu na njano. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba huu ni uchoraji wa wasiojua kuchora. Huwezi kupunguza kitu ambacho hujakitazama sawasawa.

Karibu na kwetu yupo Ibrahim El-Salahi wa Sudan. Aliporudi Khartoum mwaka 1957 baada ya masomo London, kazi alizokuja nazo hazikuwagusa watu wa kwao. Akageukia maandishi ya Kiarabu na mapambo ya kienyeji, akazivunja herufi hadi ndani yake zikaanza kutoka sura na viumbe. Na wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wao wa mawingu, ambao maumbo yake hujipinda na kupenyana bila kuwa mtu wala mnyama.

Sasa tuchukue mwanafunzi wa Bagamoyo aliyechagua majahazi. Mchoro wake wa kwanza wa penseli una kila kitu: mabaharia, kamba, mlingoti, foromali (boriti inayoshikilia tanga), tanga, maji. Katika wa pili anawaondoa watu na kamba. Katika wa tatu linabaki pembetatu la tanga na mstari wa foromali ulioinama. Hapo ndipo kazi inapoanza kunoga. Analikuza tanga hadi linakatwa na ukingo wa karatasi. Analirudia mara tatu kwa ukubwa tofauti. Anajaribu rangi ya machungwa na zambarau mahali pa buluu ya bahari, kwa kuwa anachotaka kibaki ni joto la saa nane mchana. Kila jaribio analihifadhi kwenye daftari lake. Walimu wengi watataka kuliona, nao wana haki, maana humo ndimo maamuzi yake yanaposomeka.

Kuhusu vifaa, rangi za akriliki hukauka upesi na zinamruhusu kupaka tabaka juu ya tabaka siku hiyohiyo. Za mafuta huchukua siku kadhaa, hivyo zinahitaji kuanza mapema.

Picha tatu au nne zilizotokana na kitu kimoja, zikitundikwa kwa kufuatana, humsaidia mgeni kuliko picha kumi zisizohusiana. Atembee nazo, aone kilichoondolewa na kilichobaki.

Liko pia suala la jina kwenye kibandiko, na wanafunzi wengi huliacha hadi dakika za mwisho. Picha ileile ikiitwa “Jahazi”, watu watasimama mbele yake wakitafuta chombo. Ikiitwa “Kusi”, yaani upepo utokao kusini, wataanza kutazama ule mstari ulioinama.