Pipa la bia ni la alumini au la stenlesi? Sumaku haimalizi ubishi

Tangu Rais Jimmy Carter alipotia saini mwaka 1978 sheria ya shirikisho iliyoruhusu Wamarekani kutengeneza bia nyumbani, baadhi ya watengenezaji hao wamezoea kuchukua pipa la bia la metali la galoni 15.5, yaani lita zipatazo 58.7, wakalikata juu na kulifanya chungu cha kuchemshia maji ya kimea. Kabla ya kulikata, hubishania limeundwa kwa metali gani: alumini, au stenlesi, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu ili kisishike kutu kwa urahisi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba sumaku ikinata pipa ni la stenlesi, na isiponata ni la alumini. Ukweli ni kwamba stenlesi ya daraja la 304, ambayo hutumika sana katika vyombo vya bia na ina kromiamu ya asilimia 18 hivi na nikeli ya asilimia 8 hivi, kwa kawaida haishiki sumaku, kwa kuwa nikeli huzipanga atomi za chuma katika mpangilio usio na usumaku. Bati hilo linapokunjwa likiwa baridi, sehemu ya mpangilio huo hubadilika, ndiyo maana sumaku huweza kunata kidogo shingoni na isinate kabisa ubavuni. Kwa hiyo sumaku ikinata umejua kuwa pipa si la alumini, lakini isiponata hujajua lolote.

Wengine hutegemea uzito. Alumini ina gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo na stenlesi karibu gramu 8, lakini kuta za pipa la alumini huwa nene zaidi, hivyo tofauti mkononi ni ndogo kuliko hesabu inavyoonyesha. Mimi naamini zaidi tupa au grenda iliyogusishwa kidogo chini ya kitako: kwa grenda stenlesi hutoa cheche, alumini haitoi, tena kwa tupa alumini hukwaruzika kwa urahisi.

Wapo wanaodhani kwamba pipa lenye madoa ya kutu haliwezi kuwa la stenlesi. Kinyume chake, alumini ndiyo isiyopata kutu nyekundu kamwe; ikichakaa hupata unga mweupe au rangi ya kijivu. Stenlesi huweza kupata madoa hayo, hasa ikisuguliwa kwa steliwulu ya chuma cha kawaida.

Kuhusu hofu kwamba alumini hutia sumu katika bia au huleta ugonjwa wa Alzheimer, yaani wa kupoteza kumbukumbu, utafiti haujathibitisha uhusiano huo, na sufuria nyingi za Afrika Mashariki ni za alumini hiyohiyo. Utando wa oksidi juu yake, unaojitengeneza alumini inapokutana na hewa, huhimili vizuri asidi hafifu ya maji ya kimea.

Hatari halisi iko kwenye usafishaji. Soda kali ya kostiki, na hata magadi, huula utando huo na kuitafuna alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni, ilhali stenlesi haidhuriki. Dawa ya klorini nayo, ikiachwa muda mrefu, huitoboa stenlesi vishimo vidogo. Halafu kuna fundi anayeahidi kuchomelea bomba la stenlesi kwenye pipa la alumini: metali hizo mbili haziungani kwa uchomeleaji wa kawaida, hivyo bomba hufungwa kwa nati na mpira wa kuzuia uvujaji. Aina yoyote ile, gesi iliyobanwa ndani hutolewa kabla ya kukata.