Hasheem Thabeet: yanayosemwa vijiweni na yaliyotokea uwanjani

Ukizuka mjadala wa mpira wa kikapu Tanzania, jina la Hasheem Thabeet halikosi kutajwa, na mara nyingi hutajwa kwa masikitiko: kijana aliyepewa bahati akaichezea. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayosemwa juu yake ni ya kusikia tu.

Tuanze na jepesi. Wapo wanaomwita Mwafrika wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Sivyo. Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliingia mwaka 1984, Manute Bol wa Sudan 1985, na Dikembe Mutombo wa Kongo 1991. Hasheem, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, ni Mtanzania wa kwanza, na sifa hiyo inatosha bila kutiwa chumvi.

“Alichaguliwa kwa urefu tu”

Dhana hii, kwamba Memphis, timu ya NBA, walimchukua mwaka 2009 kwa kimo chake tu, ndiyo iliyoenea zaidi. Futi 7 na inchi 3 hazina ubishi, lakini wanaoishia hapo hawakuangalia alichofanya Chuo Kikuu cha Connecticut. Alianza kikapu akiwa na miaka 15, akaenda kumalizia sekondari Houston, akajiunga na chuo mwaka 2006. Msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na bloku (mitupo iliyozuiwa) 4.2 kwa mechi. Dhidi ya chuo cha Providence, Januari 2009, alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10 katika mchezo mmoja. Ligi ya vyuo ya Big East ilimpa tuzo ya mchezaji bora, akigawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na ya mlinzi bora kwa mara ya pili mfululizo. Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa. Ni miaka saba tu tangu aanze kujifunza mchezo wenyewe!

“Memphis pekee ndio waliomwacha Curry”

Juni 25, 2009, jijini New York, timu za NBA zilichagua wachezaji wapya kwa zamu: Blake Griffin aliitwa wa kwanza, Hasheem wa pili na Memphis, James Harden wa tatu. Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alisubiri hadi nafasi ya 7. Kabla yake timu ya Minnesota walikuwa na nafasi ya 5 na ya 6, wakawachukua Ricky Rubio na Jonny Flynn, wote wachezeshaji wa nafasi ileile ya Curry. Memphis walikosea, sikatai. Ila kosa la kuchagua ni la wanaochagua, na si haki kumtwisha kijana wa miaka 22 aliyeitwa jina lake akapanda jukwaani.

“Alikuwa mvivu”

Hili linasemwa kirahisi mno, na linaficha jambo ambalo kila kijana mrefu anayeota kucheza NBA anapaswa kulielewa. Katika mchezo wa vyuo vya Marekani, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote anaotaka. Hapo ndipo Hasheem alipotawala: timu ilijenga ulinzi wake mzima kumzunguka yeye, na kila aliyeingia alikutana na mikono yake. NBA ina sheria ya sekunde tatu kwa walinzi. Usipokuwa karibu na mtu unayemkaba, huwezi kukaa katika eneo hilo zaidi ya sekunde tatu. Ukizidisha, wapinzani wanapewa mtupo wa bure pamoja na mpira. Mlinzi mrefu analazimika kutoka, kumfuata mtu, kisha kurudi mbio kulinda kikapu. Mstari wa pointi tatu nao uko mbali zaidi kuliko wa vyuo, kwa hiyo uwanja unatanuka na safari za kwenda na kurudi zinaongezeka. Kazi hiyo inadai miguu myepesi na uzoefu wa kusoma mchezo mapema, na uzoefu ni kitu ambacho aliyeanza na miaka 15 hajapata muda wa kukikusanya.

Ongeza kwamba Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake. Msimu wa kwanza Hasheem alicheza dakika kama 13 kwa mechi. Senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, anayejifunza akiwa benchi anajifunza taratibu.

“Alipopelekwa D-League, habari yake iliisha”

Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya D-League, ligi ya chini ya kukuzia wachezaji wa NBA, na kabla yake hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko. Fedheha ilikuwa kubwa. Lakini alirudi, akapita timu za Houston na Portland, na msimu wa 2012/13 akacheza mechi 66 akiwa na Oklahoma City ya Kevin Durant na Russell Westbrook, timu iliyoshinda mechi 60. Kwa jumla alicheza mechi 224 za NBA katika misimu mitano.

Kuhusu fedha, wengi hudhani anayechaguliwa wa pili amehakikishiwa mamilioni ya miaka mingi. Mkataba wa aina hiyo humpa mchezaji uhakika wa miaka miwili; wa tatu na wa nne timu ndiyo inayoamua. Hasheem hakupewa wa nne, ndipo akaenda Oklahoma City mwaka 2012.

Baada ya NBA alicheza Japani na Yokohama B-Corsairs, na mwaka 2020, akiwa na miaka 33, alisaini Taiwan na Hsinchu JKO Lioneers. Bado alikuwa analipwa kuzuia mitupo.