Stenlesi inashika kutu jamani, tena Malindi ndo kabisa

Nshachoka. Kila kusi ikianza kuvuma lazima aje mtu na kisu kipya cha kempingi kimeota madoa ya kahawia, kanuna, "kaka nimeuziwa feki, niliambiwa hii stenlesi". Si feki. Ni stenlesi halisi na imeshika kutu, haya mambo mawili yanakaa pamoja vizuri tu, na leo naandika ili nikiulizwa tena nitume linki mimi niendelee na kazi.

Kinachozuia kutu ni kromiamu, metali inayochanganywa kwenye chuma, kuanzia kama asilimia 10.5 hivi. Ikikutana na hewa inajifanyia ngozi nyembamba juu ya chuma, huioni. Chumvi sasa ndo adui ya hiyo ngozi. Haiibanduli yote, inatoboa vitundu vidogovidogo na kutu inazama chini, kwa hiyo bapa linang'ara lakini pitisha ukucha utasikia vishimo. Mwenzio wa Nairobi mwenye kisu hichohicho hata hajui unaongelea nini.

Halafu hapo ndo naletewa hoja ya vijiko. "Mbona vijiko vya mama havishiki kutu na ni stenlesi?" Sawa, chukua kijiko cha mama ukinoe uchonge nacho vigingi vya hema, tuone. Kijiko kizuri kina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 na kaboni karibu hakuna, na bila kaboni chuma hakikomai kwa moto, kisipokomaa makali hayakai. Kisu lazima kiwe na kaboni. Sasa kaboni ikizidi inaikamata kromiamu, zinashikana kuwa chembe ngumu humo ndani, na kromiamu iliyokamatwa hailindi tena kitu. Ndo maana stenlesi ya visu inayoitwa 440C inajisifu kromiamu 16 mpaka 18 lakini kaboni yake ni kama 1, wakati nyingine, 12C27 ya Sweden, ina kromiamu kama 13.5 na kaboni kama 0.6 tu, na hapa pwani inastahimili vizuri. Kwa hiyo ukisomewa namba ya kromiamu peke yake na muuzaji, hujaambiwa kitu, uliza na kaboni.

"Basi nichukue chuma cha kaboni tupu, kisicho stenlesi?" Sikusema hivyo. 1095, mojawapo ya hivyo, inanoleka raha, kinoo chochote kinaikubali, lakini ilaze usiku mmoja pembeni ya bahari bila kuifuta asubuhi utaikuta nyekundu. Visu vya springi za gari vya mafundi wetu ni vigumu kuvunjika na bei nzuri, shida ni kama fundi alikikomaza kwa moto sawasawa, hilo huwezi kuliona kwa macho. Nenda na tupa, iguse kidogo karibu na makali: ikiteleza, poa, ikila kama inakula grili ya dirisha, rudisha.

Ile rangi ya kijivu-buluu inayokuja ukikata maembe au ndimu na kisu cha kaboni, wa YouTube wanaapa ni kinga. Mimi nna shaka. Bara labda. Huku nimeona bapa la buluu safi kabisa na kutu nyekundu imepanda juu yake, kwa hewa ya kusi hiyo rangi haifui dafu.

Mengine haraka. Bapa sentimita 10 mpaka 12, unene milimita 3 hivi. Msumeno mgongoni na dira kwenye mpini, achia watu wa sinema. Kama utapasua kuni kwa kugonga, chuma kifike mwisho wa mpini, ingawa kisu cha Mora Companion hakifiki na kwa kazi ya kawaida kinatosha kabisa, anayenunua kisu cha kwanza namwambia aanze nacho, kile cha stenlesi. Madafu na vichaka ni kazi ya panga, usikitese kisu.

Ala sasa, hapa watu hawasikii. Ngozi inanyonya jasho na chumvi halafu unafungia kisu humo wiki nzima. Chukua ya plastiki yenye tundu chini, na ukiosha kisu osha na ala! Tena si kwa maji ya kisima cha chumvi, nimeona mtu anaosha chumvi kwa chumvi. Maji ya mfereji, au ya mvua, kausha, paka mafuta ya cherehani tone moja. Ya nazi pia sawa kwa kisu cha chakula, ila yawe yamechemshwa yakaiva, yakibaki na maji ndani umejitafutia kutu mwenyewe.

Vipo vyuma vilivyotiwa naitrojeni, kama kiitwacho H1, ambavyo chumvi haiviwezi kirahisi, lakini bei yake si ya kisu cha kwanza.

Na mnaokuja Malindi kwa ndege, kisu kinaenda kwenye begi la kukabidhi, sio la mkononi, wale wa ukaguzi hawaulizi ni chuma gani.