Mahali pa kula samaki Mwanza: dhana potofu na ukweli wake

Juma lililopita nilipigiwa simu na mgeni kutoka Dodoma aliyekuwa akija Mwanza na familia yake kwa siku 3. Kabla sijamuuliza wanapenda kula nini, alinipa sharti: "Mama, utupeleke hoteli inayotazama ziwa, maana samaki wa hapo ndio wanaotoka majini moja kwa moja." Nimepika samaki Kirumba kwa miaka 19, na miaka ya karibuni nimekuwa nikiwapeleka wageni kula sehemu mbalimbali za jiji hili. Sharti hilo nimelisikia kwa watu wa Arusha, wa Dar es Salaam, na hata kwa wenyeji wa Nyegezi na Buhongwa wanaopokea ndugu zao. Nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu linaostahili.

Hakuna hoteli hapa mjini inayovua samaki wake dirishani. Sato na sangara wanaoliwa Capri Point hutoka kwenye mialo, yaani fukwe wanakoshushwa samaki, na masoko yaleyale yanayomlisha mama lishe wa Mabatini, na soko linalojulikana kuliko yote ni la Mwaloni, Kirumba. Mvuvi wa sato hutega nyavu jioni na kuzitegua alfajiri, kwa hiyo samaki wa karibu hufika ufukweni asubuhi. Samaki wa mbali, hasa sangara wanaovuliwa upande wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine, hukusanywa na boti zenye barafu, na wanaweza kukaa humo siku kadhaa kabla ya kufika mjini. Kuanzia hapo hakuna anayejali kama mnunuzi ana meza inayotazama maji au ana kibanda cha mabati nyuma ya gereji. Kinachotofautisha samaki wa huyu na wa yule ni mambo mawili tu: alihifadhiwaje tangu alipotoka majini, na amekaa muda gani kwa mpishi kabla ya kuingia kwenye karai.

Neno "mbichi" ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu wanadhani maana yake ni samaki wa leo. Sangara aliyevuliwa juzi akafunikwa vizuri kwa barafu tangu dakika ya kwanza ni bora kuliko sato aliyevuliwa leo alfajiri, akalazwa kwenye sakafu ya mtumbwi hadi saa 5, kisha akabebwa kwenye beseni juani. Samaki wa maji yetu ya joto akikaa kwenye barafu ya kutosha hudumu zaidi ya wiki 1 akiwa mzima, lakini juani saa chache tu zinatosha kumharibu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia samaki wake ni wa leo, muulize barafu iko wapi.

Tatizo la sehemu nyingi zenye mandhari nzuri ni friza. Sehemu hizo hujaa jioni na mwisho wa juma, na siku nyingine huwa na wateja wachache, kwa hiyo mpishi hununua samaki wengi kwa mkupuo na kuwagandisha. Friza ya kawaida hugandisha polepole; maji yaliyomo kwenye nyama hugeuka kuwa chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama kwa ndani, na umeme ukikatika na kurudi, samaki huyeyuka na kuganda upya, jambo linaloongeza uharibifu. Mwaka fulani nilimpeleka mteja kwenye hoteli moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja, kwa sababu alisisitiza. Tuliletewa sato mkubwa aliyepambwa kwa vitunguu na pilipili hoho, na nilipomgusa kwa uma nyama ilimeguka kama uji ulioganda, huku maji yakichuruzika kwenye sahani. Mteja alikula na kusifia kwa sababu mbele yake kulikuwa na ziwa. Mimi nilirudi nyumbani na uchungu, kwani yule mtu alisafiri mbali, akalipa fedha nyingi, akaondoka Mwanza bila kujua sato ana ladha gani.

Basi jifunze kumtazama samaki kabla hajapikwa, na usione aibu kuomba uoneshwe. Jicho liwe angavu na limetuna. Likiwa na ukungu au limezama, muda umepita. Inua shavu uangalie matamvua: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole. Alama ya kidole ikibaki, mrudishe. Harufu iwe ya maji na majani, isiwe kali ya kuchoma pua. Kisha sikiliza na utazame karai, jambo ambalo wateja hawalifanyi na mimi nalipenda kuliko yote. Sato ambaye hajakaa sana tangu avuliwe hujikunja anapoingia kwenye mafuta ya moto, mkia ukainuka na ngozi ikapasuka pale alipochanjwa. Aliyetoka kwenye friza hulala kimya kama ubao, kisha mafuta yanaanza kuruka ovyo kwa sababu ya maji anayoyatoa. Mpishi akikataa kukuonesha samaki, agiza maharage na wali, ule kwa amani.

Mimi nawapeleka wageni wangu kwenye vibanda vya Kirumba, hasa vile vilivyo karibu na Mwaloni na pembezoni mwa barabara ya Makongoro, kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Saa hizo samaki wa asubuhi wameshaparwa, makaa yamekolea, na wafanyakazi wa sokoni wanakula kwa wingi kiasi kwamba hakuna samaki anayepata nafasi ya kulala. Ukija kibanda hichohicho saa 2 usiku, utakula mabaki yaliyokaangwa mara ya pili, na hapo usimlaumu mpishi. Ndiyo maana nasema chagua saa kabla ya kuchagua mahali.

Dhana ya pili, ambayo haihitaji maneno mengi, ni kwamba sato mkubwa ndiye mtamu. Sato wa nusu kilo au zaidi kidogo huiva hadi kwenye mfupa bila kukauka nje. Jitu la kilo 2 likikaangwa zima hubaki na ubichi ndani, na linafaa zaidi kukatwa vipande kwa ajili ya mchuzi. Mdogo kupita kiasi pia usimnunue, kwa sababu sheria inakataza kuvua sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50. Wapo pia wanaokataa sato wa kufugwa kwenye vizimba ziwani wakidai ana ladha ya tope. Ladha ya tope hutokana na vijimea na vijidudu vya maji yaliyotuama. Kizimba kilichowekwa mahali penye mkondo mzuri wa maji hutoa samaki safi, na nimeshuhudia watu waliokuwa wakiapa kwamba hawamli wakimaliza sahani bila kujua alikotoka.

Wazee wa hapa hupenda kumwita sato samaki wetu wa asili na sangara mgeni. Wote wawili ni wageni. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sato huyu tunayemla leo naye aliletwa katika miaka hiyohiyo ya 1950. Mwenyeji hasa ni ngege, ambaye amepungua sana, pamoja na ningu, na furu wa aina nyingi mno, ambao wakikaangwa wakakauka huliwa kama bisi. Ukiwakuta furu sokoni, nunua.

Kwamba sangara wote wazuri hupanda ndege na sisi tunabakiziwa mifupa ni kauli iliyoanza wakati viwanda vya minofu vilipojengwa hapa katika miaka ya 1990, na ilikuwa na sababu zake. Lakini sangara mzima yupo sokoni kila siku, na anayeacha kichwa chake kwa kudhani ni mabaki anajinyima sehemu iliyo bora. Supu ya kichwa cha sangara, iliyochemka polepole kwa tangawizi, ndimu na chumvi tu, bila nyanya, ndicho kifungua kinywa ninachompa mgeni wangu siku ya kwanza, na chapati moja inatosha.

Nimeulizwa pia, na watu waliosoma, kama mtu anaweza kupata kichocho kwa kula samaki wa ziwa hili. Hawezi. Kichocho huingia kupitia ngozi pale mtu anapoogelea au kusimama kwenye maji yenye vijidudu vinavyotoka kwa konokono. Ukiogopa kichocho, usiwaache watoto wacheze kwenye maji ya pembeni yenye magugu, lakini samaki mle.

Sasa nije kwa dagaa, kwa sababu hapa napo huwa napandwa na hasira. Mgeni anapita Mwaloni, anaona magunia kwa magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda mikoani na nchi jirani, kisha ananiambia kwamba hicho ni chakula cha kuku, au cha mtu aliyefulia, na kwamba kina mchanga na uchungu. Kwa uzito, dagaa ndio samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi katika ziwa hili, na kwa kuwa huliwa wazima, pamoja na mifupa na kichwa, humpa mlaji madini ya chokaa ambayo mnofu wa sangara haumpi. Ni kweli kwamba sehemu ya dagaa huenda kwenye vyakula vya mifugo, hasa wa msimu wa mvua ambao hawakukauka vizuri wakageuka rangi. Hao ndio wachungu, kwa sababu mafuta yao yamechacha. Dagaa wazuri hung'aa kama fedha, wana vichwa vyao, hawana umanjano, na ukiwashika mkononi wanalia kama majani makavu.

Mchanga hutokana na kuanikwa chini ufukweni, na wanaoanikwa juu ya chanja hawana tatizo hilo, kwa hiyo uliza walianikwaje na uwe tayari kuongeza bei kidogo. Hata hivyo, wale wa mchangani nao wanasafishika. Kosa la wengi ni kuwaloweka kisha kumwaga maji pamoja na dagaa kwenye chujio, hivyo mchanga uliokuwa umetua chini unawarudia wote. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu, wapekeche taratibu, kisha wainue kwa mikono na kuwahamishia bakuli lingine, ukiacha maji na mchanga nyuma. Rudia mara 3 au 4 hadi kitako cha bakuli kibaki safi. Wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka wanukie, ndipo uweke mafuta, kitunguu, nyanya kidogo na ndimu mwishoni. Mpishi anayejua kazi hii nampelekea wageni hata kama kibanda chake hakina viti vya kutosha. Jambo jingine la kujua ni kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika na bei hupanda. Ukitaka dagaa wabichi wa kukaanga, tazama kwanza mwezi uko wapi.

Kuhusu hofu kwamba chakula cha mama lishe kinaharibu tumbo, angalia joto. Ugali unaofuka moshi na samaki anayetoka kwenye karai mbele ya macho yako havina tofauti na vya hotelini. Penye hatari ni kwenye kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi, maji ya kunywa ya kwenye ndoo, na sahani zinazosuuzwa kwenye beseni moja kutwa nzima. Nawe unapoketi, omba maji ya kunawa yanayomiminwa kwa jagi.

Mandhari ya ziwa siyapingi hata kidogo, kwani nayapenda. Ninachowaomba wageni ni kuyatenga na chakula. Kula Kirumba mchana, pumzika, kisha saa 12 jioni nenda Capri Point au ukae upande wa kivuko cha Kamanga, karibu na Jiwe la Bismarck, uagize soda au Balimi, bia ya Kanda ya Ziwa ambayo jina lake maana yake ni wakulima, na utazame jua likizama ng'ambo ya ghuba. Kwa bei ya kinywaji kimoja utakuwa umepata kila kitu ambacho hoteli hiyo inakizidi kibanda changu. Giza likiingia, rudi mjini kwa miguu hadi Makoroboi utafute muuza kahawa mwenye birika la shaba juu ya makaa. Anauza kahawa chungu kwa vikombe vidogo, na kashata ya karanga pembeni. Asiyeweza kahawa usiku aombe maji ya tangawizi, ambayo wauzaji wengi huwa nayo kwenye birika la pili.