Kumkabidhi mshukiwa kwa nchi nyingine: sheria inataka nini, na siasa za makabila huiharibu wapi Kenya

Mtu anaweza kushtakiwa Marekani huku anaishi Mombasa. Polisi wa Marekani wanajua nyumba yake, wana ushahidi, wana hata hati ya kumkamata iliyotiwa saini na jaji wao. Hawawezi kubisha mlango wake. Ndani ya mipaka ya Kenya, anayekamata mtu ni polisi wa Kenya kwa sheria ya Kenya, na hiyo ndiyo maana ya msingi ya mamlaka ya nchi. Kinachobaki kwa Marekani ni kuomba. Utaratibu wa kuomba, kusikilizwa na kujibiwa ndio urejeshaji wa washukiwa, ambao vyombo vya habari huuita kubadilishana wahalifu.

Kwa hiyo anayesema kwamba kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine ni kuuza uhuru wa taifa amekosea tangu mwanzo. Nchi inayoombwa ndiyo inayopima, ndiyo inayokubali au kukataa, na inafanya hivyo kupitia mahakimu wake yenyewe. Uhuru hupotea pale mtu anapotolewa bila hakimu yeyote kumwona.

Kenya ina sheria mbili za jambo hili, zote za miaka ya 1960. Sura ya 77 inahusu nchi za Jumuiya ya Madola. Sura ya 76 inahusu nchi jirani na nchi nyingine za kigeni. Ombi huja kupitia wizara za mambo ya nje, likiwa na hati ya kukamatwa, maelezo ya kosa na ya sheria iliyovunjwa, maelezo ya kumtambua mhusika, na ushahidi. Kisha hakimu hutoa hati ya hapa nchini ya kumkamata. Kukiwa na hofu kwamba atatoroka, mshukiwa anaweza kuzuiliwa kwa muda kabla nyaraka kamili hazijafika.

Kesi inayofuata haiamui kama ana hatia. Hakimu anajiuliza mambo machache tu. Huyu aliye mbele yangu ndiye anayetafutwa? Jambo analodaiwa kufanya lingekuwa kosa Kenya pia? Lingetendeka hapa, ushahidi huu ungetosha kumfungulia mashtaka? Akiridhika anaamuru mshukiwa azuiliwe akisubiri kukabidhiwa, na kuanzia hapo zinahesabiwa siku 15 ambazo hatolewi, ili apate nafasi ya kwenda Mahakama Kuu kupinga. Miezi miwili ikipita bila kuchukuliwa, anaweza kuomba aachiliwe. Na nchi iliyompokea haina ruhusa ya kumgeuzia kosa jingine la zamani ambalo halikutajwa katika ombi.

Kwa majirani kama Uganda na Tanzania njia ni fupi zaidi. Hati iliyotolewa na mahakama ya upande wa pili huidhinishwa na hakimu wa Kenya, mtu akakamatwa na kufikishwa mbele yake kabla ya kuvushwa mpaka. Ni fupi, lakini bado inapita mahakamani.

Sheria pia inaweka watu ambao hawatolewi. Anayetafutwa kwa kosa la kisiasa hatolewi, wala yule ambaye ombi lake linaonekana limeletwa ili ateswe kwa sababu ya rangi, dini, uraia au msimamo wake wa siasa. Kinga hii inavunjika kwa urahisi pale serikali mbili zinapokuwa na hamu moja. Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Daniel arap Moi, na kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, akakimbilia Tanzania. Novemba 1983, wakati nchi hizi mbili zinapatana na kuufungua mpaka uliofungwa tangu 1977, Ochuka alirudishwa Kenya. Kenya nayo ikawarudisha Tanzania watu waliotuhumiwa kupanga kumpindua Julius Nyerere. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Ni vigumu kutaja kosa lililo la kisiasa kuliko kujaribu kupindua serikali.

Siku hizi kesi hukwama kwa sababu nyingine. Mwaka 2011 kisiwa cha Jersey kiliomba kukabidhiwa Chris Okemo, aliyewahi kuwa waziri wa kawi, na Samuel Gichuru, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya umeme ya taifa. Walidaiwa kupokea hongo kutoka kwa kampuni za kigeni na kuzipitisha fedha hizo katika benki za kisiwa hicho. Mawakili wao hawakuhitaji kubishania hongo. Walihoji nani ana mamlaka ya kuileta kesi mahakamani: Mwanasheria Mkuu, kama sheria za zamani zilivyoandikwa, au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Katiba ya 2010 ilimpa mashtaka yote ya jinai katika Ibara ya 157? Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2018 kwamba ni Mwanasheria Mkuu. Novemba 2021 Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi huo na kusema ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa kuwa kesi ya namna hii ni ya jinai. Miaka kumi ilikwisha kwa swali la nani atie saini. Huko Jersey, kampuni iliyotumiwa kupitishia fedha hizo ilikuwa imekiri makosa tangu 2016 na kunyang'anywa zaidi ya pauni milioni 3.

Ucheleweshaji kama huo huwapa maafisa kisingizio cha kukata njia. Ndugu wa familia ya Akasha, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani kuhusu dawa za kulevya. Kesi ikavutana mahakamani miaka miwili. Januari 2017 walipandishwa ndege na kupelekwa New York kabla kesi hiyo haijaisha. Huko walikiri makosa; Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim miaka 23. Wengi walifurahi, na dawa hizo zimeharibu vijana wengi sana Pwani. Lakini njia iliyotumika kwa muuza dawa haibagui anayepitishwa humo baadaye. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, Wakenya kadhaa, karibu wote Waislamu, walikuwa tayari wamekamatwa na kuvushwa hadi Uganda bila kufikishwa mbele ya hakimu wa Kenya. Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Uturuki walichukuliwa Nairobi wakarudishwa nchi waliyoikimbia, na mwezi uliofuata mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa Nairobi na kuibukia katika mahakama ya kijeshi Kampala.

Kwa familia, muda ndio kila kitu. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kutoka Nairobi hadi Busia au Malaba gari halihitaji hata nusu ya muda huo. Ombi la kuitaka serikali imlete mtu mahakamani hupelekwa Mahakama Kuu, na Ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Lipelekwe mara tu polisi wanapokataa kusema aliko. Mtu akishavuka, jaji wa Kenya hana wa kumwamuru.

Hague, mji wa Uholanzi iliko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ni jambo la namna nyingine, ingawa katika siasa za Kenya mambo haya mawili huchanganywa kila mara. Mkataba wa Roma wenyewe, ulioiunda mahakama hiyo, katika Ibara ya 102, unatenganisha nchi kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine na nchi kumwasilisha mtu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kenya iliuridhia mkataba huo Machi 2005 kwa hiari yake, ikatunga Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kimataifa ya 2008 ili kuutekeleza, na Ibara ya 2(6) ya Katiba inaufanya kuwa sehemu ya sheria za nchi. Mbele ya mahakama hiyo cheo si kinga, na Katiba inakubaliana nayo: Ibara ya 143(4) inasema kinga ya rais dhidi ya mashtaka haifiki kwenye makosa ya mkataba unaoikataza kinga hiyo. Tena mahakama hiyo huingia tu pale nchi yenyewe inaposhindwa au kukataa kushtaki.

Hapo ndipo makabila yanapoingia, na inafaa kuanza na hesabu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu milioni 47.6. Kabila kubwa zaidi, Wakikuyu, lilikuwa na watu milioni 8.1, yaani asilimia 17 hivi. Waluhya walifuata kwa milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Waluo milioni 5.1 na Wakamba milioni 4.7. Kumpata rais kunahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Hakuna kabila linalofika huko peke yake. Kila uchaguzi ni miungano ya vigogo wa makabila, na kila kigogo huja mezani na kura za kwao kama mtaji. Ukimshtaki kigogo, umegusa mtaji wa watu wengi.

Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Katika Bonde la Ufa Wakalenjin na Wakikuyu ndio waliokuwa pande kuu za mapigano. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilipendekeza mahakama maalum hapa nchini, na majina ya washukiwa ikayatia ndani ya bahasha aliyokabidhiwa mpatanishi Kofi Annan. Februari 2009 mswada wa kubadilisha Katiba ili kuunda mahakama hiyo ulianguka bungeni. Baadhi ya wabunge hawakuziamini mahakama za nyumbani, na wengine waliamini Hague ingechukua miaka mingi kiasi kwamba isingemfikia mtu. Julai mwaka huo bahasha ikaenda kwa Luis Moreno-Ocampo, mwendesha mashtaka wa Hague. Huu ndio ukweli ambao baadaye ulifichwa na kelele za uhuru wa taifa: mlango wa Hague ulifunguliwa Nairobi, kwa kura za wabunge wa Kenya.

Desemba 2010 Ocampo alitaja watu sita, watatu kutoka kila upande wa siasa za 2007. Januari 2012 majaji walithibitisha mashtaka ya wanne: William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang katika kesi moja, Uhuru Kenyatta na Francis Muthaura katika nyingine. Mwendesha mashtaka alitaka kuonyesha usawa. Matokeo yake ni kwamba jamii mbili zilizokuwa zimepigana zilijikuta kila moja ina mtu wake kizimbani, na vigogo hao wawili wakaungana. Maombi ya hadhara yakafanywa kwa ajili yao, na waliofiwa na waliochomewa nyumba wakasahauliwa majukwaani. Machi 2013 muungano huo ulishinda urais kwa asilimia 50.07, na Septemba mwaka huo Bunge likapitisha hoja ya kujitoa katika Mkataba wa Roma. Hata hivyo Kenya haikujitoa, hata baada ya kesi hizo kwisha.

Washtakiwa walifika Hague wenyewe walipoitwa, kwa hiyo hakuna aliyepaswa kufungwa pingu. Kesi zilikufa kwa ushahidi. Mashtaka ya Muthaura yaliondolewa Machi 2013, ya Kenyatta Desemba 2014. Mashahidi waligeuka au kujitoa, mwendesha mashtaka akalalamika kwamba serikali haitoi nyaraka alizoomba, na Aprili 2016 majaji wawili dhidi ya mmoja wakafuta mashtaka ya Ruto na Sang bila kuwatangaza kuwa hawana hatia. Wakenya watatu walitolewa hati za kukamatwa kwa madai ya kuwahonga mashahidi. Serikali haikumwasilisha hata mmoja. Mmoja wao, wakili Paul Gicheru, alijisalimisha Uholanzi mwenyewe Novemba 2020, akafariki 2022 kabla ya hukumu.

Ukiiweka kesi ya Hague karibu na wale wa Kampala, unaona jambo linalouma. Neno la mamlaka ya nchi lilipigiwa kelele kwa ajili ya wenye nguvu. Waliovushwa mpaka usiku hawakuwa na kigogo wala kura za kutosha, na hakuna aliyeitisha mkutano kuutetea uhuru wa Kenya kwa ajili yao. Mahakama zimejitahidi zaidi kuliko wanasiasa. Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan, alipokuja Nairobi Agosti 2010 akaondoka salama huku akitafutwa na Hague, Mahakama Kuu ilitoa mwaka uliofuata amri akamatwe akirudi, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema serikali ilikuwa na wajibu wa kumkamata.

Sasa Kenya imekaa kwenye kiti cha mwombaji. Septemba 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilitoa hati ya kumkamata askari wa zamani wa Uingereza kuhusu mauaji ya mwanamke huko Nanyuki mwaka 2012. Ombi la namna hiyo hupitia kwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, kisha hakimu wa Westminster mjini London. Mshukiwa ana haki ya kupinga kwa misingi ya haki za binadamu, ikiwemo hali ya magereza ya Kenya. Zaidi ya hapo, Uingereza haimtoi mtu anayeweza kuhukumiwa kifo bila ahadi kwamba hatanyongwa, na kitabu cha sheria cha Kenya bado kina adhabu hiyo kwa mauaji, ingawa tangu 2017 si ya lazima. Ahadi hiyo lazima iandikwe na serikali ya Kenya na iwemo kwenye faili.