Makro si kuvuta picha

Siku hizi kila picha ya mdudu inaitwa makro. Kereng'ende aliyepigwa akiwa ng'ambo ya dimbwi, kisha akavutwa kwa vidole viwili mpaka mabawa yakageuka viraka vya rangi, eti ni makro. Kiroboto wa maji aliyelazwa chini ya hadubini (ambaye hata mdudu si mdudu, ni jamaa ya kamba na kaa) naye ni makro. Halafu yupo aliyebana kilenzi chenye maandishi "15x" juu ya kamera ya simu, anaandika kwa furaha kwamba kiluwiluwi chake cha mbu kimekuzwa mara 15. Kati ya hao watatu, wa mwisho ndiye aliye karibu zaidi na makro, na bado namba yake ameisoma visivyo.

Maana yenyewe haina urefu. Picha ni ya makro pale taswira inayoangukia kwenye kihisi cha kamera (kile kibati kinachopokea mwanga) inapolingana kwa ukubwa na kitu chenyewe, au inapokikaribia sana. Mdudu wa milimita 6 akitoa taswira ya milimita 6, huo ni uwiano wa 1:1. Ukubwa wa picha kwenye kioo cha simu hauhesabiwi, wala wa ile iliyochapishwa ukutani. Kinachopimwa ni kile kilichotua kwenye kihisi, kabla mtu hajagusa chochote.

Neno limetoka Kigiriki. Makros ni -refu, na baadaye likabeba pia maana ya -kubwa. Ndilo hilo hilo lililomo kwenye uchumi wa makro. Mwenzake ni mikros, yaani -dogo. Basi mtu ana haki ya kuuliza: inakuwaje kazi ya kupiga picha viumbe vidogo ikapewa jina la ukubwa? Ni kwa sababu jina hilo halimsemi mdudu, linaisema taswira yake. Mwaka 1899 W. H. Walmsley, mpiga picha wa hadubini, alipendekeza picha za karibu ambazo ukuzaji wake haufiki mara kumi ziitwe fotomakrografu, ili zisichanganywe na fotomikrografu, zile za kweli za hadubini. Kwa hiyo makro ilizaliwa kama mpaka. Upande huu lenzi, upande ule hadubini. Anayeita picha ya hadubini makro anaufuta mpaka ambao neno lilitungwa ili kuuchora. Nakiri kwamba watengenezaji nao wamechangia mkanganyiko: Nikon kwa miongo mingi imeandika Micro kwenye lenzi ambazo kampuni nyingine huziandika Macro, na kazi yake ni ile ile.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili kina mpaka mwingine unaohitajika hapa, nasi tunaupita tu. Tuna darubini na tuna hadubini. Darubini ni neno la Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Inakuletea kilicho mbali. Hadubini, yenye mwisho ule ule wa kuona, ni ya kidogo kilicho hapa hapa. Anayesema amekitazama kijidudu kwa darubini anastahili kusahihishwa. Sasa zumu, yaani kuvuta cha mbali kwa lenzi, ni mtoto wa darubini. Inasaidia pale ambapo huwezi kusogea. Makro ni ndugu wa hadubini, anayesimama hatua moja kabla yake, na sharti lake la kwanza ni kusogea. Mwenye kuvuta picha kwa vidole hajasogea popote, na wala hajatumia zumu ya kweli ya lenzi. Amekata kipande cha picha na kukitandaza.

(Kwa kuwa tumeingia kwenye maneno: lenzi yenyewe ni dengu. Kilatini kiliiita lens, jina la punje ya dengu, kwa sababu ya umbo lake la kutuna pande zote mbili. Waarabu nao huiita adasa, na adas ndiyo adesi tunayoila. Kitazame tena hicho kilenzi cha klipu ukiwa umekishika mkononi.)

Turudi kwa kiluwiluwi. Chukua simu ambayo kihisi chake kina upana wa milimita 4.8, lenzi yake ina urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale inapokutanisha miale itokayo mbali) wa milimita 4, na picha yake ina pikseli, yaani nukta, 4000 kwa upana. Kiluwiluwi kina milimita 6. Bila klipu, simu nyingi hukataa kulenga kitu kilicho karibu kuliko sentimita kumi hivi, na kwa umbali huo kiluwiluwi kizima kinapata pikseli kama 200. Vuta utakavyo, ni zile zile 200. Kila moja inanenepa tu. Ukibana klipu ya 15x, kiluwiluwi kile kile kinapata pikseli kama 1200. Hapo unauona mrija wa kupumulia mkiani, vishungi vya nywele ubavuni, na mirija miwili ya hewa ikipita sambamba mgongoni chini ya ngozi inayopitisha mwanga. Hakuna vidole vinavyoweza kuyavuta hayo kutoka kwenye pikseli 200, maana hayamo.

Je, hicho kiluwiluwi kimekuzwa mara 15? Hapana. Ile 15x ni hesabu ya vioo vya kukuzia vya mkononi: umbali wa milimita 250, ambao huchukuliwa kuwa wa kusomea vizuri kwa jicho tupu, unagawanywa kwa urefu wa fokasi wa kioo. Kioo cha 10x kina fokasi ya milimita 25, cha 15x kama milimita 17. Namba hiyo inalihusu jicho. Kwenye simu hesabu ni nyingine: fokasi ya lenzi ya simu gawanya kwa fokasi ya klipu, 4 kwa 17, unapata takriban 0.24. Taswira ya kiluwiluwi kwenye kihisi ni kama robo ya kiluwiluwi chenyewe. Kimepunguzwa, hakikukuzwa.

Hapo ndipo wenye kamera kubwa hurukia na kusema basi klipu si makro. Nao wanakosea, kwa kuishika sheria na kusahau ilikotoka. Uwiano wa 1:1 ulizoeleka kwa filamu ya milimita 36 kwa 24. Lenzi ya 1:1 kwenye kamera hiyo inajaza fremu kwa kipande cha milimita 36. Simu yetu na klipu yake inajaza fremu kwa milimita 20 tu. Ukiziweka picha hizo mbili zikiwa na ukubwa mmoja, kiluwiluwi cha simu ndicho kikubwa. Kwangu mimi hiyo ni makro kamili.

Na usogeaji wenyewe unautambua mwilini. Kwa klipu ya fokasi ya milimita 17, kitu hukaa kama milimita 17 kutoka kwenye lenzi. Kivuli cha simu kikiwaangukia, viluwiluwi hujipinda na kuzama wote kwa pamoja, nawe unasubiri wapande tena kupumua. Wa mbu wa aina ya Culex wananing'inia kichwa chini, mrija ukigusa uso wa maji. Wa mbu wa aina ya Anopheles hawana mrija huo, wanalala sambamba na uso wa maji. Katika maji ya kina cha milimita chache ndani ya sahani nyeupe, mwanga ukitoka ubavuni ili usirudi kwenye lenzi, tofauti hiyo inaonekana wazi. Maji nayo yanadanganya kidogo: mdudu aliye chini kwa milimita 4 anaonekana kama yuko chini kwa 3, na eneo lililo wazi kwenye fokasi ni jembamba mno. Anayesogeza simu kwa nusu milimita, huku akipiga picha nyingi mfululizo, ndiye anayejua makro ni nini, hata kama hajawahi kulisoma neno hilo.

Kwa hiyo ndugu uliyeandika "makro ya 15x", picha yako ni nzuri na neno makro ni lako kwa haki. Iondoe tu hiyo 15. Piga picha ya rula kwa klipu hiyo hiyo, hesabu milimita zilizoingia kwenye fremu, kisha andika: makro, upana wa fremu milimita 20. Na wewe wa kereng'ende, andika "nimekata picha", au rudi dimbwini asubuhi, kabla jua halijampasha moto, umsogelee.