Fungu la mtoto: jinsi wakulima wa Marekani ya awali walivyorithisha mali zao

Mei 1786, huko Kentucky, mkulima aliyeitwa Abraham Lincoln aliuawa kwa risasi akiwa kazini shambani pamoja na wanawe. Huyu si rais, ni babu yake mzaa baba. Waliomuua walikuwa wapiganaji wa Wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa bado wanaipigania ardhi ambayo walowezi walikuwa wanagawana. Marehemu hakuacha wosia. Aliacha mjane, wavulana watatu, wasichana wawili na maelfu ya ekari. Wakati huo Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia, na sheria ya Virginia ilisema mtu akifa bila wosia, ardhi yake yote ni ya mwana wa kwanza. Basi Mordecai, mkubwa wao, akaichukua. Thomas, mdogo wao, mwenye miaka minane hivi, hakupata hata ekari moja. Alikua akifanya vibarua kwa watu mpaka alipojifunza useremala, na mwaka 1809 alipojaliwa mtoto wa kiume akampa jina la yule mzee.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni tarehe. Bunge la Virginia lilikuwa limeshaifuta sheria hiyo mwaka 1785, ila mabadiliko yalipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1787. Mzee angefariki miezi minane baadaye, Thomas na dada zake wangekuwa na haki ya mafungu sawa na ya kaka yao.

Kwa sababu ya visa kama hiki, wengi hudhani kwamba Wamarekani wa zamani walimpa kila kitu kifungua mimba na kuwaacha wengine mikono mitupu. Katika familia nyingi za wakulima haikuwa hivyo. Hata Virginia, sheria hiyo ilimhusu aliyekufa bila wosia tu, na mwenye wosia aliweza kugawa alivyopenda. Ili kuelewa namna walivyorithisha, neno la kushika ni fungu. Fungu ni kile ambacho mtoto anatengewa kutoka kwenye mali ya wazazi ili aanze maisha yake. Linaweza kuwa shamba, ng'ombe na kitanda, fedha taslimu, au gharama za kumpeleka kwa fundi akajifunze kazi. Linaweza kutolewa siku ya harusi au baada ya mazishi, na mara nyingi lilitolewa vipande vipande kwa miaka mingi. Wosia ulikuja mwishoni kufunga hesabu iliyoanza zamani.

Kuhusu sheria za wasioacha wosia, makoloni yalitofautiana sana. Virginia na New York yalifuata desturi ya Uingereza ya kifungua mimba. Massachusetts, ambako walowezi walikuwa Wakristo wenye msimamo mkali na Biblia ilikuwa mkononi mwa kila mtunga sheria, yaliandika mwaka 1641 kwamba mwana wa kwanza apate fungu maradufu. Chanzo chake ni Kumbukumbu la Torati 21:17. Kwa hiyo mwenye watoto watano, mali yake iligawanywa mafungu sita, mkubwa akachukua mawili na kila mmoja wa waliobaki, wa kike kwa wa kiume, akachukua moja. Kama kuligawa shamba kungeliua, mahakama iliweza kumkabidhi mwana mmoja shamba zima kwa sharti la kuwalipa wenzake thamani ya mafungu yao. Sheria ya fungu maradufu ilidumu Massachusetts mpaka 1789. Waholanzi wa New York nao walikuwa na desturi ya mume na mke kuandika wosia mmoja kwa pamoja na kuwagawia watoto wote sawa, na wengine waliishikilia miaka mingi baada ya Waingereza kulitwaa koloni hilo mwaka 1664.

Lakini sheria haikueleza maisha ya nyumbani, na huko ndiko penye mambo. Chukua mji wa Andover, Massachusetts. Ardhi yake ilinunuliwa mwaka 1646 kutoka kwa Cutshamache, kiongozi wa Wenyeji wa eneo hilo, kwa pauni 6 na koti. Bei hiyo haifai kusahaulika kila tunaposoma jinsi ardhi hiyohiyo ilivyogawanywa kwa uangalifu mkubwa baina ya wajukuu wa wanunuzi. Waasisi walijigawia mashamba makubwa, mengine zaidi ya ekari 100, na wakazaa watoto wengi walioishi mpaka utu uzima. Mwana alipotaka kuoa, baba alimpimia kipande, akamsaidia kujenga nyumba, akamwachia alime. Hati, hata hivyo, ilibaki kwa baba. Kijana alilima, akaoa, akazaa, na machoni pa sheria bado alikuwa mgeni kwenye ardhi ya mzee wake. Wazee wenyewe waliishi sana, wengi mpaka miaka 70 na zaidi, kwa hiyo kulikuwa na wanaume wa miaka 40 waliokuwa bado hawana shamba lenye jina lao. Baba aliyeamua kutoa hati angali hai aliweza kuifunga kwa masharti: mwana asiuze bila ridhaa yake, na awatunze wazazi mpaka kufa kwao.

Je, ulikuwa ubahili? Sidhani. Hapakuwa na pensheni wala bima. Ardhi ndiyo iliyokuwa akiba ya uzeeni, na mzee aliyeitoa yote mapema alibaki akitegemea huruma ya mkwe. Pamoja na hayo, naona gharama yake iliwaangukia vijana. Huko Andover wanaume wa kizazi cha pili walichelewa kuoa, wengi wakifikia miaka 27 hivi, kwa kuwa ndoa ilisubiri ardhi na ardhi ilisubiri uamuzi wa baba.

Ilipofika kizazi cha tatu, hesabu zilianza kugoma. Shamba la kule halikuwa la kulima tu. Familia ilihitaji eneo la mahindi na ngano, majani ya kukausha kwa ajili ya mifugo wakati wa baridi, malisho ya kiangazi, na msitu wa kuni za kupitisha miezi ya theluji. Ukikata vipande vinne, unaweza kupata vipande vinne ambavyo hakuna hata kimoja kinacholisha nyumba. Ndipo wazazi walipoanza kumwachia shamba mtoto mmoja au wawili na kuwatafutia wengine mafungu ya aina nyingine. Wengine walinunuliwa ardhi ya bei nafuu Connecticut au New Hampshire, wengine walipelekwa kujifunza ufundi, na wachache wakapelekwa chuoni. Huo msukumo wa kutafutia watoto ardhi mpya ni sababu mojawapo kubwa ya walowezi kuzidi kusonga magharibi, kizazi baada ya kizazi, juu ya ardhi za Wenyeji.

Elimu kuhesabiwa kuwa urithi ni jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa mara moja. John Adams, rais wa pili wa Marekani, alikuwa kifungua mimba wa mkulima wa Braintree, Massachusetts. Baba yake alimsomesha Harvard. Mzee alipofariki mwaka 1761, wosia wake ulihesabu masomo hayo kuwa sehemu ya fungu la John, kwa hiyo akapata nyumba na ekari kama 40, huku wadogo zake wakipata zaidi. Mdogo wake Peter ndiye aliyebaki na boma la baba. Sijaona dalili kwamba John alilalamika.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakulima wale walilijua hilo. Wazazi waliandika kile ambacho kila mtoto amekwisha kupewa: ng'ombe huyu, godoro lile, sufuria ya chuma, fedha kiasi kadhaa. Baba alipofariki, vitu hivyo vilitolewa kwenye hesabu ya fungu la mtoto husika. Ndiyo maana ukikuta wosia unaompa binti shilingi chache tu usikimbilie kusema amenyimwa. Huenda alishachukua fungu lake siku ya harusi, miaka 20 kabla. Baada ya mazishi, majirani wawili au watatu walioteuliwa na mahakama walipita nyumba nzima, chumba kwa chumba, wakiorodhesha na kutathmini kila kitu, kuanzia jembe mpaka shuka. Orodha hizo zimehifadhiwa kwa maelfu, na ndizo zinazotuwezesha leo kujua familia fulani ilikuwa na vitanda vingapi.

Sasa mjane. Haki yake iliitwa theluthi, na hapa msomaji wa pwani awe makini. Hii haihusiani na theluthi ya mirathi ya Kiislamu, ambayo ni kikomo cha mali anayoruhusiwa mtu kuusia. Ya Marekani ilikuwa hivi: mume akifa, mke ana haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi yake muda wote wa uhai wake. Kutumia, si kumiliki. Hakuweza kuiuza wala kuirithisha, na akifa ilirudi kwa warithi wa mume. Kama hakukuwa na wosia, theluthi ya vitu vinavyohamishika ilikuwa yake kabisa. Ukilinganisha, mjane wa Kiislamu mwenye watoto hupata thumuni, fungu dogo zaidi, lakini ni mali yake anayoweza kuiuza kesho.

Namna theluthi hiyo ilivyopimwa inashangaza. Nyumba yenyewe iligawanywa: mjane apewe chumba cha chini upande wa mashariki, nusu ya stoo ya chini ya ardhi, ruhusa ya kupita jikoni, haki ya kuchota maji kisimani na kuoka mkate kwenye tanuri. Wosia nao uliweza kumwagiza mwana aliyerithi shamba amletee mama kuni zilizokwisha kukatwa, mahindi kiasi fulani kila mwaka, na amlishie ng'ombe mmoja wakati wa baridi. Mara nyingi uliongeza maneno haya: mradi awe bado mjane wangu. Akiolewa tena, chumba kimekwisha. Mwanamke aliyeendesha nyumba ile miaka 30 alihitaji karatasi ya kumruhusu kupita mlangoni mwake mwenyewe. Wengine husema masharti hayo yalimlinda. Ni kweli, ila yanaonyesha pia jinsi alivyokuwa bila ulinzi yasipoandikwa.

Kusini mafungu yalikuwa na sura ambayo haisemeki kwa upole. Mwaka 1705 sheria ya Virginia iliwahesabu watumwa kuwa sawa na ardhi katika mambo ya urithi. Watu waligawanywa pamoja na mashamba, na wosia uliweza kumpa binti mwanamke mtumwa pamoja na watoto ambao bado hajawazaa. Baba yake George Washington alipofariki mwaka 1743, George, mvulana wa miaka 11, alirithi shamba na watu kumi. Kila mgao wa namna hiyo uliweza kuvunja familia ya watu waliogawanywa, mama huku na mwana kule, ili familia ya mwenye mali ipate mafungu sawasawa. Wao wenyewe hawakuwa na chochote ambacho sheria ingewaruhusu kuwaachia watoto wao.

Nimewaacha mabinti mwisho kwa kuwa urithi wao ndio uliosahaulika zaidi. Mara nyingi walipata vitu: magodoro ya manyoya, mashuka, sahani za bati, ng'ombe, sanduku la kuhifadhia nguo. Ardhi ilibaki na jina la ukoo, vitu vikaondoka na bibi harusi. Tatizo ni kwamba akishaolewa, vitu hivyo kisheria vilikuwa vya mumewe. Katika bonde la mto Connecticut, kati ya miaka ya 1680 na 1740 hivi, mafundi walitengeneza masanduku na makabati yaliyochongwa maua na majani, mengi yakiwa na herufi za mwanzo za jina la msichana mwenyewe. Kabati moja lililotoka Hadley, Massachusetts, halikuishia kwenye herufi. Limepakwa rangi jina zima, kwa herufi kubwa mbele: Hannah Barnard.

Hannah aliolewa na John Marsh mwaka 1715 na akafariki mwaka 1717, akimwacha binti mchanga, Abigail. Kabati likamfuata Abigail alipoolewa na Waitstill Hastings. Jina la Barnard lilikuwa limepotea mara mbili kwa ndoa, la kwanza likawa Marsh, la pili Hastings. Abigail alipozaa binti, akamwita Hannah Barnard Hastings, na yule mtoto naye akaja kulirithi kabati lenye jina lake.